Pampu za Baba Mkwe

Gari la baba mkwe limenizidi umri. Lina viti vya ngozi na dashibodi ya mbao anayoipaka mafuta kuliko anavyojipaka mwenyewe. Mimi ndiye fundi wake, maana nilimwoa bintiye na sina pa kukimbilia. Mwaka huu pampu ya mafuta imekufa mara tatu, na kila ikifa inaondoka na sifa yangu.

Ya kwanza nilisema ni feki. Ya pili nikausingizia umeme, nikapima nyaya zote, nikazikuta nzima kuliko mimi. Ya tatu ilikuwa halisi, nayo ikaungua. Mzee akawatangazia mashemeji zangu kwamba hata baiskeli yake hanipi.

Fundi yeyote angefungua tangi siku ya kwanza. Lakini niliambiwa, "Tangi hilo ni la kiwandani, usiliguse," na mkwe ni mkwe. Nikaufyata.

Leo nimechoka kutukanwa. Alipoingia ndani kunywa chai, nikamwaga petroli, nikalishusha tangi. Chini nikakuta uji. Uji kweli, mzito, umeziba chujio lote, na pampu zilikuwa zikivuta patupu mpaka zinaungua. Nikausugua kwa vidole, nikaukagua. Unga wa ngano.

"Usimwambie," alisema mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji.

"Mama! Ni wewe?"

"Haoni, mwanangu. Juzijuzi kalipigia honi geti la jirani, eti limpishe. Daktari kamkataza kuendesha, naye kamwita mtoto. Nikificha funguo, anazo nyingine. Sasa nisubiri nimzike?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nampenda yule mzee mkorofi, Mungu anisamehe.

Nikachukua tindo na nyundo, nikalitoboa tangi matundu makubwa ambayo hakuna wa kuyaziba.

Mzee akarudi. "Haya, bingwa, limepona?"

"Nimeliharibu tangi, Baba. Na mengine kama hilo hayapatikani popote."

Nikaenda kukaa kwenye stuli pembeni. Akalipuka. Bure kabisa mimi, mikono kama miguu, na bintiye alikuwa na wachumba wa maana akawaacha. Alimaliza matusi yote aliyonayo, kidole kimenyooshwa, akilifokea ovaroli langu lililotundikwa ukutani.