Daftari la Vikombe

Dada wa utafiti alimkuta Fundi kwenye cherehani, mguu unakanyaga, sindano haina uzi. Fundi mwenyewe hakuwa na habari. Tangu wamzike Chiriku, binti yake, alikuwa anashona hewa. Kikombe cha bati cha mtoto bado kilining'inia msumarini nyuma yake, na mchana kweupe alikisikia kikigonga ukuta. Siku hizi hageuki tena.

"Pole sana, mama," dada akasema. "Nimekuja kuchukua daftari."

Ah, daftari! Miaka mitatu Fundi alilijaza bila kukosa: mtoto amekula nini, ameugua nini, amekunywa maji vikombe vingapi, ya kisima au ya bomba. Watu wa utafiti walitaka kujua kisukari cha watoto kinaanzia wapi, kwenye maji, chakula au homa, ili siku moja kizuiwe. Kila miezi mitatu walimtoa Chiriku damu, wakaondoka nayo kwenye kisanduku cha barafu. Masikini, Fundi aliamini mtoto anayetolewa damu na wataalamu ana watu wa kumwangalia. Vikombe vilipofika kumi na tisa kwa siku, aliandika kumi na tisa kwa mwandiko mzuri, roho ikatulia. Mtoto alipoishiwa nguvu, zahanati wakasema malaria.

Dada alifungua kurasa za mwisho, uso ukamchangamka kabla hajajizuia. "Umeandika vizuri mno! Inalingana kabisa na damu. Alama za kisukari zilianza kuonekana mwaka jana, halafu..."

Akalifunga daftari. Mguu wa Fundi ukasimama.

"Mwaka jana?"

"Mama..."

"Mlijua mwaka mzima, na mnakuja hapa mnakunywa chai yangu?"

"Mimi mchukua damu tu, mama. Majibu hayatolewi mpaka utafiti uishe, ndio utaratibu. Na ulitia sahihi."

Kweli alitia. Karatasi saba za maneno ya wakubwa, akapewa mche wa sabuni. Fundi alitaka kumrukia, akamkumbuka mtoto aliyebaki.

"Na mdogo wake? Mmeshamtoa damu mara mbili. Anazo hizo alama?"

"Siruhusiwi kusema. Nitafukuzwa kazi."

"Nakuomba kama mwanamke mwenzangu. Tikisa kichwa tu."

Dada hakutikisa. Alitoa mkobani daftari jipya, lina namba ya mdogo kwenye jalada, akaliweka juu ya cherehani taratibu.

Nyuma, kikombe kikagonga ukuta. Fundi hakugeuka. Amekizoea. Kikagonga tena, na safari hii dada naye aliinua macho.

Mdogo alikuwa amesimama juu ya kigoda, kikombe cha dadake mkononi, kifua chote kimelowa.

"Mama, ndoo imeisha," alisema. "Naomba mengine."

Ndoo ile Fundi aliijaza alfajiri, pomoni. Alimgeukia dada. Dada alikuwa ameshafungua ukurasa wa kwanza, kalamu iko mkononi.