Gunzi la Elube

...na bado anamimina, maji ya uvuguvugu kutoka kwenye jagi la plastiki, amepiga magoti mbele yangu kama wapigavyo wanawake wa huku wanapomnawisha mgeni, "nyoosha mikono, daktari, mbona unaikunja kama mwizi?" anasema Elube, wenzake wanacheka, nami nacheka, nacheka nini mimi, Tiyanjane Khembo, mhadhiri wa mafuriko, ambaye kitabu chake kinapita mkono kwa mkono hapa chini ya turubai huku mkuu wa kijiji, mzee Thenzi, akikisifu, "huyu binti yetu hakuja kutufundisha, alikuja kutusikiliza," kutusikiliza, Mungu wangu, nyamaza mzee, nyamaza... harufu ya kambale na nsima, ugali wa huku, imejaa turubaini, siwezi kula hapa, na jalada lile linang'aa, picha ya ramani waliyoichora wanakijiji wenyewe ardhini, jivu ndio Mto Shire, mawe ndio nyumba, magunzi ya mahindi kila mahali maji yanapoingilia, na katikati mkono wa mwanamke, vidole wazi, mkono walioupenda sana wenzangu chuoni, eti unaonyesha njia, eti wananchi wanaongoza... ni mkono huu huu ulioshika jagi, kovu lile lile juu ya kidole gumba, na siku ile ya kuchora ulikuwa umeweka gunzi moja nyuma kabisa ya kijiji, kwenye kijito cha Namiyala, kikavu mwaka mzima, wanaume wakamcheka, "maji yatokee huko? Elube anatafutia mbuzi wake kinywaji!" naye akasema bibi yake aliyaona, yalikuja kimya kwa nyuma watu wote wakitazama mtoni, niliandika? sikuandika, kwenye ramani yangu ya setilaiti kijito hakikuwepo, jua lilikuwa linashuka, nilitaka picha safi, nikalisogeza gunzi pembeni kwa ncha ya kiatu... kwa kiatu, hata kuinama sikuinama. "Hiyo sabuni haiumi, daktari, jipake." Najipaka, vidole, viganja, kucha, na zile nguzo tulizosimika mtoni tukazipaka kijani, njano, nyekundu, mlinzi wa nguzo alikwenda kuzitazama siku ile ya mafuriko ya Machi, maji yako kwenye kijani, salama, filimbi ya tahadhari ikabaki shingoni mwake, angeipulizia nini, alifanya kama nilivyomfundisha, na Namiyala ikaingia kwa nyuma mchana kweupe, watu wanakula, mama yake Elube amelala ndani na miguu yake iliyovimba, walimkuta siku ya tatu kwenye matete... nami nikaandika sura ya tano, mafuriko yasiyotarajiwa, kifo kimoja tu, na hakuna aliyeniuliza lile "tu" linatafuta nini pale, wala yasiyotarajiwa na nani, niliandika nikijua, hilo ndilo linalonikaba, nilijua wakati naandika... "Nimekiona kitabu," anasema Elube, sasa kwa sauti ya chini, jagi halitikisiki, "mkono wangu umetokea vizuri, ila watu wananiuliza nilikuwa naonyesha nini." Hanitazami. Anatazama maji. Nawe ulikuwa huonyeshi kitu, mama, ulinyoosha mkono ukasema lete, lete hapa, nami nikabonyeza kamera, ulikuwa unadai gunzi lako, miaka mitatu mkono umekaa wazi kwenye picha yangu ukidai, na watu wananipigia makofi... Anajua. Alikuwa anajua nilipofika msibani na kilo mbili za sukari, alinipokea, akanipa kiti, naona aibu, naona aibu mpaka masikio yanawaka. "Daktari atasema neno kabla hatujala," anatangaza mzee Thenzi, na hotuba imo mkobani, kurasa nne, shukrani tupu, wafadhili, chuo, kamati, hakuna kiatu mle, hakuna Namiyala, na zimebaki wiki sita mvua zianze na nguzo zote bado zinatazama mtoni, kule nyuma hakuna hata moja, hakuna filimbi, na nyumba zimejengwa upya pale pale... nikiyasema watanitoa chuoni, nisipoyasema maji yatarudi kwa njia ile ile, watu wakitazama mtoni, wakitazama rangi zangu. Povu limekwisha zamani, mikono imetakata, naye bado anamimina, beseni linakaribia kujaa. "Yametosha?" anauliza Elube. Bado, mama, nasema mbele za watu, mimina kidogo, halafu naomba unitafutie gunzi, na jivu, turudi pale ardhini tuichore tena ramani, na Namiyala iwemo, kabla ya chakula.