Mshubiri wa Bi Harusi

Uso wangu haujawahi kuelewana wenyewe kwa wenyewe. Paji na pua vinatoka mafuta tangu sijanywa chai, na mashavu hapo hapo yamekauka mpaka yanabanduka. Nikipaka mafuta kutuliza mashavu, pua inamea chunusi. Nikiacha, mashavu yanawasha, najikuna mbele za watu. Nimepaka kila kitu kinachouzwa Likoni, na cha Kongowea pia, na pesa zote zimeishia kwenye chupa.

Basi nilipochumbiwa na Mahfudh wa Kisauni, kijana niliyemngoja miaka mpaka apate kazi ya kueleweka ya kutengeneza friji kwenye hoteli za Shanzu, neno la kwanza la mama yangu halikuwa hongera. Alisema, "Na huo uso je, Intisar?"

Mama ndivyo alivyo. Mapenzi yake yote yanatoka na kasoro yako mdomoni.

Nikatiwa ndani. Kwetu bi harusi akitiwa ndani hatoki, haoni jua, anakaa chumbani anasingwa na kufukizwa mpaka siku yake, na anayemshughulikia ni somo. Wangu alikuwa Bi Dhahabu wa Mtongwe. Siku ya kwanza alinikalisha karibu na dirisha, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayechagua papai.

"Hizi ni nyuso mbili, mwanangu. Mola kakupa kwa bei ya moja," akasema, na akacheka mwenyewe. "Kosa lako wazipaka dawa moja."

Mashavuni akanitilia maji ya waridi, na kabla hayajakauka akapitisha mafuta ya nazi aliyoyapika nyumbani kwake, kidogo tu, kwa ncha ya kidole. Kwenye paji na pua hakunitia mafuta hata chembe. Alichana jani la mshubiri, akakwangua ule ute, akanipaka, basi. Ute mwingine aliuacha kwenye bakuli ndani ya friji, ili mama anipake asubuhi. Yeye akija alasiri.

Mashavu yakalainika. Wallahi, nilikuwa najishika uso gizani nikicheka peke yangu. Mara ya kwanza maishani niliupenda.

Mama hakuridhika. "Pua bado inang'aa," akamwambia Bi Dhahabu. "Mpiga picha akiwasha taa zake tutaona pua, bi harusi tusimuone."

"Wache ing'ae, Bi Mwanakheri. Ngozi isiyo mafuta hata kidogo ni gamba la samaki hilo."

Mama akanyamaza. Na mimi namjua mama yangu, akibisha ujue bado anafikiria, akinyamaza ujue kashaamua. Lakini nilikuwa mwari, nimelala nafukizwa udi, ningejishughulisha na nini?

Tangu hapo mshubiri wa asubuhi ukawa unaniwasha. Nikasema ndiyo dawa inafanya kazi. Pua ikakauka, ikawa haing'ai tena, nikafurahi kama mjinga.

Zilipobaki siku chache harusi, mama alinipaka kama kawaida, akarudi jikoni. Nikasikia sufuria inaanguka. Nilipofika alikuwa chini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. La haula! Nikapiga ukelele, kaka yangu Luqman akakimbia kutafuta tuktuk.

Mwari hatoki. Lakini mama yako yuko sakafuni, utauliza mila? Nilijitupia buibui na leso kichwani, nikampakata, uso wangu mtupu, mshubiri haujakauka bado.

Pale kivukoni foleni ya magari ilikuwa haisogei. Jua lilikuwa linaingia ubavuni mwa tuktuk, linanipiga usoni moja kwa moja, na mimi nimemkumbatia mama siwezi hata kugeuka. Yeye kwa mkono wake mzima akawa ananipapasa uso. Anafuta paji langu, anasugua pua yangu, anatoa sauti zisizo maneno. Nikamshika ule mkono, nikauteremsha. "Tulia, mama. Mimi mzima, usinihangaikie." Akauinua tena. Nikaushika kwa nguvu mpaka tukavuka. Ng'ambo, hospitalini, tuliobaki nje tulikaa kwenye mabenchi yasiyo na paa mpaka alasiri.

Uso ulianza kuwaka kesho yake. Halafu malengelenge, makubwa, yamejaa maji, kuanzia kwenye nywele hadi ncha ya pua. Yalipopasuka pakabaki ngozi nyeusi, yenye mabaka, imekazana. Mashavu yangu yako laini mpaka leo, mazuri kabisa, kama yananikejeli.

Daktari aliniuliza nilipaka nini. Nikamwambia mshubiri. "Mshubiri hauchomi hivi," akasema. Bi Dhahabu alipokuja aliliendea bakuli kwenye friji, akalinusa, akakunja uso. "Humu mna ndimu. Mimi sitii ndimu usoni pa mtu. Ndimu na jua havipatani, huchoma!" Hakuna aliyemwamini. Hata mimi sikumwamini. Watu wa Mahfudh walikuja kutazama, mama yake akanikodolea macho kama aliyeuziwa nguo yenye tobo. Akasema tungoje uso upoe. Walipofika kwao wakasema somo wetu kaniunguza, na habari ikavuka maji ikarudi Likoni siku ile ile. Tangu siku hiyo hakuna bi harusi aliyepelekwa kwa Bi Dhahabu.

Mahfudh aliendelea kupiga simu kidogo. Kisha akawa anaandika tu. Kisha akaandika kwamba hakuna nasibu, nimwie radhi. Kwa simu! Mwanamume mzima, tumengojana muda wote ule, akaniacha kwa kidole gumba. Nililia mpaka vile vidonda vikachonyota kwa machozi. Sasa nasikia anaposa Magogoni.

Mama aliletwa nyumbani. Nikamwosha, nikamlisha, nikamkanda ule mkono kwa mafuta. Ulimi ulirudi polepole, neno moja leo, jingine wiki ijayo. Siku moja nilikuwa namfunga leso, akaniambia, taratibu, kila neno akilitafuta:

"Ndimu. Ni mimi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia.

"Walinicheka mimi. Harusi yangu. Pua yangu. Wakasema bi harusi katoka kukaanga viazi." Akapumua. "Ndani hamna jua. Nilijua hutoki."

"Na siku ile?" nikamwuliza. "Ulinipaka ndimu, ukaniona natoka juani?"

"Nilikuona." Machozi yakamtoka jicho moja tu, lile zima. "Nataka kukwambia, osha. Ulimi hautaki. Nakufuta, wanishika mkono."

Nilitoka nikasimama uani. Nilikuwa na hasira ya kuvunja nyumba, na mtu wa kumpiga sina. Mama wa kiharusi utampiga? Nikapiga ndoo teke, ikagonga ukuta, kuku wa jirani wakatawanyika. Nikarudi ndani.

"Nipe radhi, mwanangu," akasema.

Mtoto ndiye huomba radhi kwa mzazi. Sijawahi kusikia mzazi akiomba. Nilifungua mdomo na lile neno likakataa kutoka.

Kwa Bi Dhahabu nilikwenda jioni ile ile. Nilimkuta anakuna nazi. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha, naye akanisamehe hata sijakaa mkekani, akanivuta akanitazama paji kwenye mwanga. "Hapa sasa pamekauka kuliko mashavu," akasema. "Yamegeuka mambo." Akanipa mafuta ya nazi ya kupaka penye makovu, na akanionya nisitoke bila kujifunika. Nikamwambia nitawaambia watu ukweli. Akasema, "Ukisema langu, la mama'ko watalifanya ngoma. Fikiri kwanza." Nilifikiri njiani, na kufika kwetu nikaanza kwa jirani wa kwanza. Mama alisikia kila kitu kupitia dirishani. Hakunilaumu.

Yeye aliyeharibikiwa jina alinisamehe mara moja. Mimi nimeshindwa. Namlisha mama uji kwa kijiko, namgeuza asitoke vidonda, nampenda, Mola anajua nampenda, na kila asubuhi akishamaliza kula ananiuliza, "Radhi?" nami namwambia, "Bado, mama." Anatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka halijafunguliwa.

Daktari amesema kiharusi cha pili hakiko mbali. Naogopa kufa kwake hajalipata lile neno, maana nitaishi nalo mimi. Jana niliazimia. Nilikaa kitandani kwake, nikaushika ule mkono uliokufa, akauliza, nami nikainua uso nimjibu. Nyuma yake kuna kioo cha kabati. Nikajiona.

"Bado, mama," nikasema, nikamfuta mdomo.