Kadi Aliyoifunga Sumeiya

Faiz ndiye aliyesema, tena mbele ya ofisi nzima, kwamba kadi ya mtandao aliyoifunga Sumeiya ni feki. Intaneti ya kisiwa cha Pate ilianza kukatika wiki ile ile kadi ilipofungwa kwenye mashine yao ya Lamu, na bingwa wetu alikuwa na haraka ya kumpata mkosaji. Akawaonyesha kwenye skrini. Kila pakiti ya data inayotoka hubeba namba ya ukaguzi, ili mpokeaji ajue haikuharibika njiani, na hapa namba zote zilikuwa na makosa. Sumeiya alitaka kusema neno, Faiz akamkata kauli. Bwana Abubakr, mwenye kampuni, akamwambia binti akapumzike nyumbani hadi aitwe.

Haya, bingwa akapanda boti hadi Mtangawanda, huko Pate, kukagua upande wa pili. Pale kwenye mnara wa intaneti akaona pakiti zile zile zikifika na namba sahihi. Kadi ilinunuliwa ili kuipunguzia mashine kazi: programu ilikuwa ikiiachia kadi ihesabu namba yenyewe, pakiti ikiwa mlangoni. Faiz alichungulia kabla kadi haijahesabu. Jambo hilo alilisoma chuoni, akalisahau. Ubovu ulikuwa kwenye kiungo cha kebo ya mnara, kilicholiwa na chumvi, na kiungo hicho alikifunga yeye.

Akakifunga upya, intaneti ikatulia. Bwana Abubakr akapiga simu kumpongeza, naye Faiz akasema ahsante. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Aliporudi Lamu alikwenda moja kwa moja kwa kina Sumeiya. Mamake, Bi Zamzam, alimpokea kwa unyenyekevu uliomchoma, akimwomba amsamehe mwanawe, kwani bado ni mtoto. Faiz alitamani ardhi ipasuke. Bi Zamzam alipoingia jikoni kutia kahawa, Faiz akamweleza Sumeiya yote kwa sauti ya chini.

"Nalijuwa," akasema Sumeiya. "Ulinisema mbee ya watu, Faiz. Radhi waniomba hapa ndani?"

Asubuhi Faiz akasimama ofisini, pale pale, akasema kadi ni nzima, kebo mbovu ni yake, na Sumeiya alisingiziwa. Watu walitazama chini. Sumeiya alikuwa mlangoni na mamake. Bwana Abubakr akamwita arudi kwenye meza yake, naye akapita bila kumtazama Faiz.

Bi Zamzam hakuondoka. Alikuwa akimtazama Faiz, ushungi ameukamata kidevuni.

"Mimi mamake," akasema, "nalikusadiki wewe."