Kadi Namba 412

Binti yangu alinipeleka kwenye jumba la sanaa za kisasa baada ya kusoma kwamba ukuta mzima umebandikwa kadi za mahudhurio za kiwanda chetu cha nguo. Kiwanda walikifunga, sisi wakatutupa nje kama makapi. Leo kadi zetu zinamulikwa taa, na anayeitwa msanii ni huyo aliyezibandika! Haya. Hasira hiyo nimeizoea. Nilichofuata ni kadi namba 412, ya mke wangu. Ana miaka kumi na tisa kaburini, na picha yake ninayo moja tu, ya kitambulisho, ambayo mwenyewe aliichukia.

"Baba, hii hapa! Mwezi mzima wino wa buluu, mama hakuchelewa hata kidogo. Na shangazi anasema uvivu nimeurithi kwa mama!"

Nikasema ukweli. Kadi ile nilikuwa naigonga mimi. Kila alfajiri nilitangulia kwenye saa ya getini inayochapa muda kwenye kadi, nikagonga yangu, nikagonga na yake, yeye akiwa bado nyumbani ananyonyesha. Baadaye alipenya mlango wa marobota kama mtu anayetoka chooni.

"Ananyonyesha nani?"

"Nani mwingine? Wewe, mlafi! Ulikuwa huachii."

Alicheka. Nimekuja kumtazama mke wangu, nakuta mkono wangu mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi.

"Na hii moja nyekundu, huku chini?"

Jumatano. Amechelewa dakika kumi na nne. Siku hiyo nilikuwa mahabusu kwa ajili ya mgomo, hakukuwa na wa kumgongea. Aliingia kwa mlango wa mbele, blauzi imelowa maziwa, akagonga mwenyewe mpaka kadi ikachanika pembeni. "Nimeigonga kama namgonga meneja," alinisimulia nilipotoka, akicheka hadi akajishika mbavu.

Nikanyoosha mkono.

"Mzee wangu, nyuma ya mstari, tafadhali." Mlinzi, msichana wa rika la binti yangu. Tangu tuingie amesimama tu, kisigino kimoja amekichomoa kwenye kiatu. Kiti hawakumpa.

"Kidole kimoja, mwanangu. Hapo kwenye wekundu tu. Ni mke wangu."

Akatazama juu. "Kamera ile hainiachi, mzee. Ukigusa, kesho mimi sina kazi."

"Geuka kidogo tu, dada," binti yangu akambembeleza. "Hujaona kitu."

Maisha yangu yote nimesimama juu ya mapipa nikipiga kelele watu wasifukuzwe kazi. Mdomo huu umenifukuzisha viwanda vitatu.

"Mwache," nikamwambia binti yangu.

Nikaitia mikono mfukoni, nikasogea mpaka ncha za viatu zikagusa mstari, nikanyoosha shingo. Nikabaki hapo, namwangalia mke wangu amechelewa kazini, mpaka wakatangaza kwamba wanafunga.