Ofisi Yapata Rangi Mpya

Asubuhi hiyo, chai haijapoa, msichana ambaye ofisi nzima ya maji ilimwita Kompyuta alipakua maktaba ya vipande vya kujengea kurasa za tovuti: vitufe, visanduku vya kujazia na menyu, vyote vimeshavikwa mandhari, yaani vazi moja la rangi na umbo. Maelekezo yalisema auweke ukurasa wake ndani ya mandhari. Yeye, kwa pupa yake, akaiweka ofisi nzima.

Alipochagua kijani, kuta zikawa kijani. Alipoviringisha pembe za vitufe, kaunta iliyokuwa ikiwachubua watu nyonga ikalainika. Mlinzi aliivua kofia yake, akaitazama, akasema kijani kinampendeza, akaenda kufungua geti. Kompyuta hakutulia kwa furaha. Leo alitaka jambo moja tu: ukurasa mpya wa maombi, ili mama yake, anayebeba ndoo tangu bomba la nyumbani likatwe, arudishiwe maji bila kumbembeleza mtu.

Akawasha vitufe. Katika maktaba ile, kitufe kinachobonyezeka kina rangi kamili; kilichozimwa hufifia kuwa kijivu. Foleni ya watu mbele ya kaunta nayo ikafuata. Shemeji wa bosi akang'aa kijani kuanzia viatuni, na rafiki wa mhasibu vilevile. Waliobaki wote wakafifia, na mmoja wao alikuwa mama yake.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Kila nikija hapa ndivyo ninavyokuwa. Leo tu ndiyo umeona."

Kompyuta akarudi mezani mbio. Akajaribu bluu: kuta, kofia ya mlinzi na shemeji wa bosi vikawa bluu. Akajaribu rangi ya chungwa, ikawa hivyo hivyo. Wale wengine wakabaki kijivu. Akautafuta ndani ya programu mstari unaowazima, akaufuta, ukajiandika upya. Akaufuta tena, roho ikimuuma, na mstari ukarudi palepale.

Bosi akatoka chumbani kwake, tai yake ikiwa ya chungwa, akaitazama foleni kwa raha.

"Umefanya kazi, Kompyuta. Sasa hata karani mpya atajua aanze na nani. Usiguse kitu tena."

Karani mpya akamwita shemeji. Hakuna aliyenung'unika, foleni ilikwenda kama ilivyokwenda siku zote.

"Hii rangi umeipatia kweli," mama alimwambia binti yake kwa fahari, kisha akasogea kando kumpisha rafiki wa mhasibu.