Juisi ya Kupigia Picha

Mambo yaliharibika Jumapili, tarehe tisa Machi, Chil-sung akiwa jikoni anachemsha kabichi mara ya pili. Maji ya kwanza alishayamwaga. Figo za mkewe, Ok-bun, zilikuwa zimekufa. Mashine ya hospitali ingemsafisha damu kesho yake. Mpaka hapo, potasiamu yoyote, madini ya kwenye mboga na matunda, aliyokula ingebaki mwilini ikiutafuta moyo. Muuguzi alishasema: mboga zichemshwe, matunda ayatazame tu.

Akaingia Afisa Tak wa wilaya. Viatu alivua, kiburi hakuvua. Nyuma yake mpiga picha na katoni ya juisi ya machungwa. Kampeni ya afya ya wazee, eti.

"Vitamini tupu, mama." Tak alifungua chupa, akampa Ok-bun kwa mikono miwili. Mkubwa akikupa hivyo, utakataaje?

"Bwana afisa, huyu mgonjwa wa figo. Juisi hanywi," Chil-sung alisema.

"Mzee, tunda limemuua nani? Soda ndiyo mbaya."

"Baba Hyeon-suk, nyamaza," Ok-bun alinong'ona. "Wamekuja mpaka kwetu." Akanywa.

"Umefumba macho, mama," mpiga picha akalalamika. "Tena. Na tabasamu."

Akanywa tena.

"Nembo ya wilaya imefichwa na vidole. Halafu chupa tupu haipendezi. Mpe nyingine."

"Si ashike tu!" Chil-sung akafoka.

"Akishika tu itaonekana maigizo," Tak alisema. "Kwani wewe daktari?"

"Mimi mumewe."

"Basi waachie wataalamu. Na hii nyumba ni ya wilaya, usisahau."

Chil-sung angewatupa nje, yeye na mkewe wangelala wapi? Wakapiga picha, Ok-bun akinywa, mpaka waliporidhika, wakahamia mlango wa jirani.

Alasiri miguu ya Ok-bun ikalegea kama matambara. Kufika hospitali, moyo ulikuwa unapiga unapojisikia. Chil-sung akawaeleza juu ya juisi, wakamkimbiza ndani. Chil-sung akampigia Tak.

"Mzee, mbona wenzake wamekunywa na wako wazima? Usianze kunitafutia lawama."

Mlango ukafunguliwa. Daktari alitoka akivua glavu, macho chini. Hakuhitaji kusema, lakini alisema: Ok-bun amefariki. Potasiamu ilipanda, moyo ukasimama.

"Mgonjwa wa figo kunywa juisi yote hiyo," akaongeza kwa hasira. "Nani alimpa?"

Chil-sung hakulia. Alimnyooshea simu. Tak alikuwa bado hewani.

"Muulize huyu."

Daktari akaiweka sikioni.

"Halo? Bwana, nasikia unapumua. Nani alimpa?"